Nyumba Moja, Familia Sita

Serikali ilipoanza kuchunguza makazi ya raia, ilihesabu nini? Katika sensa ya Ireland ya mwaka 1841, nchi hiyo ikiwa bado chini ya Uingereza, makamishna waligawa nyumba zote katika madaraja 4, kwa kutazama idadi ya vyumba, madirisha, na uimara wa ujenzi. Daraja la mwisho lilikuwa la vibanda vya udongo vyenye chumba kimoja tu.

Lakini sifa yao kubwa, kwa maoni yangu, ni kutenganisha nyumba na makao. Nyumba ya daraja la kwanza iliyokaliwa na familia 6 au zaidi ilihesabiwa kuwa makao ya daraja la 4, sawasawa na kile kibanda.

Nasi tunazo nyumba za vyumba sita vinavyotazamana, kila chumba na mpangaji wake na watoto wake. Ripoti ikisifu mabati na saruji bila kutaja wakaaji, mimi huiona pungufu. Mwalimu wa hisabati na awatume wanafunzi mtaani wahesabu kwa njia zote mbili, kisha walinganishe majedwali yao.