Darubini ya Msikiti: Tusinunue Namba ya Kwenye Boksi

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeujaalia mwezi kuwa kipimo cha nyakati kwa watu. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ramadhani inapokaribia hutolewa rai misikitini, Njombe na Makambako, kwamba tuchangishane fedha tununue darubini ya kutazamia mwandamo. Rai hiyo ni njema. Wanaosita kwa hoja kuwa Masahaba walitazama kwa macho matupu wakumbuke kwamba Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliamua mwaka 1403 Hijria (1983) kuwa hilali ikionekana kweli kwa darubini itafuatwa, hata kama jicho tupu halikuiona. Wako wanazuoni wenye rai nyingine, nasi tunaiheshimu khitilafu hiyo. Ninachokihofia mimi ni mchango wa waumini kuishia kununua kitu cha kuchezea.

Darubini za bei nafuu huandikwa kwenye boksi kwamba hukuza mara 525. Namba hiyo ni ghururi tupu. Lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 60 haiwezi kutoa picha safi ikikuza zaidi ya mara 120 hivi, kwani kanuni ni takriban mara mbili kwa kila milimita. Kupita hapo unakuza ukungu. Basi la kwanza kuuliza dukani ni upana wa lenzi ya mbele.

Lakini hata ukuzaji wa kweli unaweza kumponza mtazamaji wa hilali. Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 700, ikiwekewa lenzi ya jicho ya milimita 25, hukuza mara 28 na kuonesha eneo la anga la digrii 2 kasoro. Ukiweka lenzi ya milimita 4 inakuza mara 175, na hapo huuoni hata mwezi mzima kwa pamoja. Sasa utaitafutaje hilali, uzi mwembamba katika anga ambayo bado ina mwanga? Na sisi tulio karibu na Ikweta jua letu huzama karibu wima, giza huingia upesi, na hilali changa aghlabu haikai juu ya upeo zaidi ya dakika 40 hivi. Nusu ya muda huo mwanga wa magharibi ungali mkali. Asiye na cha kulengea atazimaliza dakika hizo akipapasa anga, kisha arudi kuwaambia Waislamu kuwa mwezi haukuonekana. Hapana, ni yeye ambaye hakutazama mahali pake.

Kwa hiyo darubini ndogo ya kulengea, ile inayofungwa ubavuni mwa darubini kubwa, si pambo. Ziko za aina mbili. Moja huonesha nukta nyekundu tu na haikuzi chochote. Inafaa sana kwa nyota za usiku, lakini kwa hilali haina msaada mkubwa. Nyingine ni ya 6x30, yaani hukuza mara 6 kwa lenzi ya milimita 30, na huonesha digrii 7 hivi za anga. Hii yenyewe inaweza kukuonesha hilali. Ilinganishwe mapema, mchana, kwa kitu cha mbali kama mnara wa simu ulio kilimani, jua likiwa upande mwingine kabisa. Na jua lisitazamwe kamwe kwa chombo chochote kati ya hivi. Sekunde chache zinatosha kuharibu jicho maisha yote, na lengeo dogo lina hatari ile ile. Hilali itafutwe baada ya jua kuzama lote.

Rai yangu ni kuwa msikiti wenye fedha kidogo uanze na darubini ya macho mawili ya 10x50, ifungwe juu ya miguu mitatu. Huonesha digrii 6 hivi za anga, upana wa miezi 12 iliyopangwa sambamba, na picha haipinduki. Tena hubebeka. Njombe mjini vilima na misonobari huuziba upeo wa magharibi, kwa hiyo huenda watazamaji wakalazimika kupanda gari kufuata mahali palipo wazi, pengine hadi Makambako, kilomita 60 hivi. Mawingu ya masika, hayo hakuna lenzi inayoyapenya.

Siku nyingine za mwaka chombo hicho kiwe cha madrasa. Wanafunzi wakioneshwa Kilimia, ambayo Waarabu huiita Thurayya, na nyuma yake Dabaran, watafahamu kwa nini nyota hiyo iliitwa mfuataji. Miezi minne ya Mushtarii nayo itaonekana. Baridi ya Njombe huleta umande kwenye lenzi: uachwe ukauke wenyewe, usifutwe kwa ncha ya kanzu.

Fedha zikiongezeka ndipo itafutwe darubini ya lenzi ya milimita 70 au zaidi. Kamati itakayotumwa Dar es Salaam iende na rula, ipime lenzi. Kisha iielekeze darubini kwenye jengo la mbali na kuigonga kidogo kwa kidole: picha ikiendelea kutetemeka kwa sekunde kadhaa, miguu hiyo haifai, na chombo kirudishwe kwenye rafu.