Mtoto Anayeachwa Kituoni

Ndugu zangu tunaoamkia vituoni, leo nina neno nanyi. Nasema na sisi wa Gongo la Mboto, Mbagala, Tegeta na Mbezi, ambao alfajiri tayari tuko barabarani kuwahi Posta na Kariakoo. Najua tunavyobanana. Najua wapo wanaogeuza na gari hadi mwisho wa njia ili lirudipo wawe wamekaa, wakalipa nauli mara mbili kabla kazi haijaanza. Shida hiyo siidharau. Lakini katika kugombania mlango tumezoea jambo la aibu: mtoto wa shule anasukumwa chini na konda, nasi tunatazama kimya.

Juma lililopita nilisimama karibu na mlango. Watoto watano wa shule ya msingi walilikimbilia gari letu. Konda akanyoosha mkono, akaziba njia: "Denti wawili tu! Wengine subirini la nyuma." La nyuma nalo lingesema hivyo hivyo. Mdogo kuliko wote, hajafika hata miaka minane, alibaki chini na begi lililomzidi. Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Siku ile gari lilijaa watu wazima na neno likaharibika mbele yetu, na mimi nilikuwa naangalia saa.

Simfanyi konda kuwa shetani. Tangu mwaka 1983, serikali iliporuhusu watu binafsi kubeba abiria jijini Dar es Salaam, daladala huendeshwa kwa hesabu: jioni tajiri mwenye gari anataka fedha yake aliyopanga, mafuta yamekwisha kununuliwa, na kinachosalia ndicho dereva na konda wanagawana. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ilipopanga upya nauli mwishoni mwa mwaka 2023, mtu mzima wa safari fupi alitoka shilingi 500 akaenda 600; mwanafunzi akabaki 200. Kwa konda, basi, watoto watatu ni abiria mmoja. Punguzo hilo ni haki ya mtoto, ila tumewaachia dereva na konda waligharimie, nao wanamrudishia mtoto gharama ile mlangoni. Wenye mamlaka watafute namna ya kufidia pengo, au walete mabasi ya wanafunzi. Hilo tuliseme kwenye mikutano ya mtaa, na tulirudie mbele ya kila anayekuja kutuomba kura.

Lakini hiyo ni kazi ya miaka, na mtoto yuko kituoni kesho asubuhi. Akichelewa, huenda fimbo ikamsubiri getini kwa kosa lisilo lake. Jioni ni mbaya zaidi, hasa kwa binti. Magari matatu yamemkataa, giza limeingia, mara bodaboda inasimama: "Twende, nitakupeleka bure." Wapo vijana wema, sikatai. Hata hivyo kila mzazi anajua bure hiyo mara nyingi hudaiwa vipi. Kisha tunakaa barazani kulaumu malezi ya wenzetu, ilhali tulikuwamo ndani ya lile gari la tatu, tumeshika bomba, tumegeuzia uso dirishani.

Basi tuseme. Mmoja akisema, "Konda, mpandishe huyo mtoto," ataambiwa ashuke anunue gari lake. Wakisema watano, mlango unafunguka; nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Aliyekaa ampakate aliye mdogo, au ampokee begi, kama tunavyopokeana vikapu na watoto wachanga bila hata kujuana majina. Wala tusikubali mtoto aliyelipa nauli yake ainuliwe kitini ili mtu mzima mwenye nguvu akae.

Yule mdogo nilimwona tena jana, kituo kile kile. Gari lilipofika wenzake walikimbia. Yeye alibaki amesimama mbali na barabara, wala hakujaribu. Nikamwita kutoka mlangoni. Alisita, akamtazama konda kwanza.