MOYO WA BABA: CT AU MRI?



Tuseme baba yako anaishi Marangu. Zamani alishuka sokoni kwa miguu na kupanda tena akiwa na mzigo begani. Sasa kilima cha kwanza tu humsimamisha, kifua kikimbana. Ninyi watoto mlioko mjini mnaketi kushauriana. Mmoja asema auzwe ng'ombe, baba apigwe picha ya CT. Mwingine ashikilia MRI, maana bei yake ni kubwa zaidi. Kabla ng'ombe hajatoka zizini, tuelezane.

CT hutumia eksirei. Humaliza kazi upesi, na uhodari wake ni kuonyesha mishipa inayoulisha moyo damu: ilipokuwa nyembamba na ilipoziba. MRI haina eksirei. Hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio. Hiyo ndiyo bingwa wa msuli wenyewe: uvimbe wake, makovu yake na nguvu yake ya kusukuma damu. Lakini yaweza kuchukua saa nzima, mgonjwa akilala kimya katika nafasi finyu. Mwenye chuma au kifaa chochote mwilini hana budi kusema mapema. Mwenye ugonjwa wa figo naye aseme, kwa kuwa dawa ya kung'arisha picha, iwe ya CT au ya MRI, huenda ikamdhuru.

Basi kipi bora? Kila kimoja hujibu swali lake. CT hujibu: je, njia ya damu i wazi? MRI hujibu: je, msuli u mzima? Anayejua swali la baba yako ni daktari, wala si bei.

Tena vipimo vidogo visidharauliwe. Mwaka 2019 watafiti waliwapima wagonjwa wa idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, Moshi, waliokuwa na maumivu ya kifua au shida ya kupumua. Waligundua mashambulio mengi ya moyo ambayo hayakuwa yametambuliwa. Walitumia kipimo cha umeme wa moyo na cha damu tu. Altrasaundi ya moyo nayo huonyesha msuli ukipiga, bila eksirei.

Kwa hiyo anzeni na hivyo, kisha mwulizeni daktari: "Picha hii itabadili nini katika matibabu?" Kuuliza si ujinga. Lakini kifua kikimbana ghafla, jasho likamtoka, kikao kivunjwe: mpelekeni hospitali saa ile ile.