Usinunue Ducati, Nunua Risiti Zake

Wasee, kabla mtu apeleke akiba ya miaka mitatu kwa muuzaji, tuongee kidogo.

Swali ninalopata sana kwa inbox siku hizi ni hili: "Omera, nimeona Ducati mtumba, 848 ya 2009, mita inasoma kilomita 9,000 tu. Bei iko chini. Nichukue?" Na kila mtu anaishikilia hiyo 9,000 kama ushahidi. Eti nduthi haijachoka, eti ni kama mpya.

Msimamo wangu ni huu: kwa nduthi ya Kiitaliano, mita ndogo bila karatasi ni hatari kuliko mita kubwa yenye risiti. Heri ile ya kilomita 35,000 ambayo mwenyewe anakutolea bahasha ya risiti, kuliko ya 9,000 ambayo anakuonyesha tu vile inang'aa.

Sababu ni hii. Sisi Kisumu tumelelewa na Boxer. Silinda moja, vali mbili. Vali zikianza kupiga kelele, fundi wa Kondele anashika spana, analegeza nati, anapima, anakaza. Chai haijapoa, umeshabeba abiria mwingine. Hiyo ndiyo picha ya "service" tuliyo nayo kichwani.

Ducati ni mnyama mwingine. Injini nyingi hufunga vali kwa springi. Ducati, kwa kazi ya injinia wao Fabio Taglioni, walijenga jina lao kwa mfumo wa desmo: mkono mmoja unafungua vali, mkono mwingine unaifunga. 848 ina silinda 2, kila moja ina vali 4. Hizo ni vali 8, na kila moja inapimwa mara mbili. Hesabu mwenyewe: vipimo 16. Na kurekebisha si kukaza nati. Ni kubadilisha vipande vidogo vya chuma vyenye unene tofauti, ambavyo huwezi kuchonga kwa jua kali.

Halafu kuna mikanda ya taimingi. Kuanzia 916 ya 1994 hadi 848 na 1098, vali zinaendeshwa na mikanda ya mpira. Mpira hauhesabu kilomita pekee, unahesabu pia miaka. Nduthi ikifunikwa turubai miaka kumi, mkanda unazeeka ukiwa umekaa tu pale. Siku unakatika, pistoni na vali zinagongana, na pesa yako inageuka vyuma vya kupima kwa kilo.

Sasa rudi kwa ile 9,000. Pikipiki ya 2009 yenye kilomita hizo imelala maisha yake mengi. Tairi zimekauka, maji ya breki yamezeeka, petroli imegandia ndani ya tangi. Mita ndogo inaweza kumaanisha ilitunzwa. Inaweza pia kumaanisha ilisahauliwa. Risiti pekee ndizo zitakwambia ni gani.

Kwa hivyo ukifika kwa muuzaji, usianze na kuwasha injini. Uliza: mikanda ilibadilishwa lini, na nani? Vali zilipimwa zikiwa kilomita ngapi? Funguo ya pili iko wapi, na ile kadi ya kodi ya ufunguo? Akianza kucheka na kusema "hii ni mashine, we piga starta tu," hesabu kwamba kazi hiyo yote haijafanywa na itatoka mfukoni mwako.

Ukiwasha, sikiliza, lakini jua unachosikiliza. 1098 ina klachi kavu, na kelele yake ya sufuria zinazogongana ni kawaida. 848 ilitoka kiwandani na klachi ya oili. Hiyo ikilia hivyo, uliza kwa nini.

Kisha logbuku. Fanya search ya NTSA kwanza, uone jina la mwenye nduthi. Ukikuta jina la benki au kampuni ya mikopo limekaa kando ya jina la muuzaji, kuna deni halijaisha. Na sisi tuko karibu na Busia, tunajua mchezo: bei ikiwa chini sana na namba ni za Uganda, uliza ushuru ulilipwa wapi. KRA haijali kama ulipendezwa na rangi nyekundu.

Jambo la tatu ni fundi, na hapa ndipo nitawaudhi wengine. Chagua fundi kabla ya kuchagua pikipiki. Zunguka Kisumu uulize nani amewahi kufungua injini ya desmo kwa mikono yake. Kama majibu yote yanaishia Nairobi, hiyo ni zaidi ya kilomita 300, na nduthi iliyozima hupandishwa pickup. Weka hiyo pickup kwa bajeti tangu siku ya kwanza. Weka na tairi: ya nyuma ya Boxer ni upana wa inchi 3, ya 848 ni milimita 180. Zote ni rimu ya inchi 17, lakini hazina undugu wowote.

Na mji wenyewe? Silinda ya nyuma iko chini ya kiti. Jam ya saa kumi na moja Kondele, jua la ziwani, unakaa juu ya jiko. Ukitoka kuelekea Maseno, unakutana na bampu ambazo Boxer inaziruka na Ducati inazikwaruza na tumbo. Raha iko, lakini iko asubuhi ya Jumapili barabara ikiwa wazi.

Najua watakaosema kijana wa Nyalenda anataka Ducati ya nini, si anunue Boxer mbili awape vijana wamletee pesa kila jioni. Mimi sikubaliani. Kutaka kitu kizuri si ujinga, na uzuri haukuandikiwa watu wa Milimani peke yao. Ila kama pesa ni mkopo wa sacco na mamako ndiye mdhamini, basi si wewe peke yako unayepanda hiyo nduthi. Mkanda ukikatika, anayeanza kulipa ni yeye.

Na kuna njia za katikati. Ducati Scrambler ya 803cc, iliyoingia sokoni 2015, inapozwa na upepo na ina vali 2 kwa kila silinda. Vipimo vinashuka kutoka 16 hadi 8. Mikanda bado iko, lakini kazi ni nyepesi. Ukitaka ya sports kabisa, Aprilia RSV Mille ina injini ya Rotax ya Austria, bila desmo na bila mikanda ya mpira. Panigale 1199 ya 2012 nayo iliacha mikanda ikatumia cheni, na vali zake hupimwa kila kilomita 24,000. Bei ni juu zaidi, lakini angalau unajua unalipia nini.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya injini. Lakini manual za hizi nduthi ziko mtandaoni, na kusoma hakuna ada. Soma ya ile unayoitaka kabla ya kumpigia muuzaji. Kisha gawa pesa yako mafungu mawili: la kununua, na la service ya kwanza. Kama fungu la pili ni sifuri, hiyo pikipiki bado si yako. Endelea kuweka.