Mchango wa moyo usiishie kwenye upasuaji

Watanzania hatuna mkono wa birika mtoto mgonjwa anapotangazwa. Picha yake ikisambaa kwenye WhatsApp na namba ya kutuma fedha chini yake, watu wasiomjua hata kwa sura hutoa. Tunaomba moyo huo uendelee mtoto akishatoka wodini.

Karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na hitilafu ya moyo. Mama ndiye huanza kuiona: mtoto ananyonya kidogo, anaachia ziwa ahemee, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Akikua, huchuchumaa katikati ya mchezo midomo ikiwa ya bluu, wenzake wakiendelea na mpira. Wengine huzaliwa na moyo mzima, ukaja kuharibiwa na homa ya rumatiki baada ya mafindofindo yaliyoachwa yapoe yenyewe.

Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Watoto wengi ambao zamani wangesubiri safari ya India sasa wanapasuliwa Dar es Salaam. Tunajivunia hilo, na waliochangia wamefanya jambo kubwa.

Ila mwenye moyo ulioharibiwa na rumatiki huchomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, miaka nenda rudi, pengine hadi utu uzima. Sindano yenyewe inauma, mtoto anatoka anachechemea. Dawa si ghali. Ghali ni nauli, kibarua ambacho mzazi amekikosa siku hiyo, na kufika zahanati ukaambiwa imekwisha. Aliyewekewa vali ya chuma humeza warfarini maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara: ikiwa nzito itaganda kwenye vali, ikiwa nyepesi mno atavuja damu. Binti wa namna hiyo akitaka kuzaa, amwone daktari wa moyo kabla ya mimba, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hakuna anayesambaza picha ya nauli ya kliniki. Hapo ndipo familia huachwa peke yake, na hapo ndipo kazi nzuri ya daktari wa upasuaji inapoharibika.

Jijini Nairobi, Hospitali ya Mater huandaa mbio za kuchangia matibabu ya watoto wa familia zisizo na uwezo. Nasi tuna mbio na chakula cha hisani. Wanaoviandaa watenge fungu la nauli, dawa na vipimo vya waliokwisha kupasuliwa. Halmashauri zihakikishe penisilini haikosekani kwenye zahanati. Walimu nao, mtoto mwenye cheti cha daktari asilazimishwe mchakamchaka wala asiitwe mvivu mbele ya wenzake.

Siku ya Moyo Duniani ni Septemba 29. Kamati zinazopanga hafla za siku hiyo ziingize fungu hilo kwenye bajeti sasa, kabla fulana hazijachapishwa.