MASHTAKA ZAIDI YA 280, HATIA MOJA

Yako maneno yanayopita vinywani mwetu kama sarafu iliyofutika sura: kila mtu huipokea, wala hapana aulizaye imeandikwa nini. Mojawapo ni "korti ya shirikisho". Twalisikia katika khabari za Marekani kila uchao, tena limewahi kuwagusa wazaliwa wa visiwa hivi, na bado wengi wetu tukiulizwa maana yake hujibu, "Ni korti ya serikali yao, itahukumu itakiwavyo." Kauli hiyo naipinga, si kwa mapenzi ya Marekani, bali kwa ushahidi wa kesi ambayo ina nasaba nasi.

Kwanza tuuweke msingi. Marekani ni majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake na korti zake. Mwizi wa duka, mume na mke wanaoachana, ugomvi wa mpaka wa shamba, hayo aghalabu huishia katika korti za jimbo. Kando ya hizo ipo safu nyingine, ya shirikisho, iliyotajwa katika Kifungu cha 3 cha Katiba na kupangwa kwa sheria ya mwaka 1789. Hiyo husikiliza yanayohusu sheria za shirikisho na Katiba yenyewe, kesi ambazo serikali kuu ndiyo yenye kushtaki au kushtakiwa, na madai baina ya raia wa majimbo mbalimbali yakizidi dola 75,000. Safu hii ina ngazi tatu. Chini ziko korti za wilaya, 94 kwa hesabu, na huko ndiko mashahidi wanakosikilizwa. Kati ziko korti za rufaa 13, ambazo nyingi huitwa "mizunguko", kwani zamani majaji walikuwa wakisafiri kutoka mji hata mji kusikiliza kesi. Juu ipo Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Sisi ambao rufaa zetu huvuka bahari kwenda Mahakama ya Rufani, isipokuwa za kadhi, hatushindwi kufahamu mambo ya safu mbili.

Jaji wa shirikisho huteuliwa na Rais, lakini hakikalii kiti mpaka Seneti imkubali. Akishakikalia, haondoki ila kwa mauti, kwa khiari yake, au kwa kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi na kutiwa hatiani na Seneti. Wala mshahara wake haupunguzwi maadamu yumo kazini. Nawaomba wasomaji wasilipite jambo hili mbio. Mwenye kushika mshahara wa mtu hushika na ulimi wake, na sisi wenye maduka twalijua hilo kwa vijana tuwaajirio.

Sasa tuje kwenye kesi. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliripuka katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 224, kati yao 11 Dar es Salaam, na wengi wao ni Waafrika waliokuwa katika shughuli zao. Jambo hilo halina udhuru, wala mimi siutafuti. Miongoni mwa waliofikishwa kwa ajili yake mbele ya korti ya wilaya ya Kusini ya New York walikuwamo wazaliwa wawili wa Zanzibar.

Wa kwanza ni Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba serikali yake yenyewe ilivunja sheria kwa kumtoa bila ya ahadi kuwa hatauawa. Mwaka huo huo, New York, alionekana ana hatia. Serikali ilitaka kifo. Lakini katika korti ya shirikisho hukumu ya kifo huhitaji watu 12 wa juri wawe na kauli moja, na wao hawakuwa nayo. Akafungwa maisha.

Wa pili ni Ahmed Khalfan Ghailani, na katika kesi yake mtu aweza kujifunza karibu istilahi zote. Hati ya mashtaka juu yake iliandikwa tangu mwaka 1998. Hati hiyo hutolewa na juri kuu, yaani raia 16 hadi 23 wanaokutana kwa siri na kusikiliza upande wa mwendesha mashtaka peke yake. Wakikubali 12, mtu hushtakiwa. Wao hawahukumu. Hukumu ya hatia ni kazi ya juri ndogo ya watu 12, inayokaa hadharani na kusikia pande zote mbili.

Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa katika kifungo cha siri cha CIA, mwaka 2006 akapelekwa Guantánamo, na mwaka 2009 ndipo alipofikishwa New York. Mawakili wake, walioteuliwa na korti na kulipwa na hazina ya nchi ile ile iliyomshtaki, walisema: Katiba yaahidi kesi bila ya kucheleweshwa, na huyu amecheleweshwa miaka mitano, basi aachiliwe. Jaji Lewis Kaplan alikataa. Hapo mimi sikubaliani naye. Ikiwa usalama wa nchi ni sababu ya kutosha ya kumficha mtu miaka mitano, sijui ahadi ile imebakiwa na nini.

Lakini Oktoba 2010 jaji huyo huyo alifanya jambo jingine. Serikali ilikuwa na shahidi mkubwa, mtu wa kusema kwamba alimwuzia mshtakiwa baruti. Jaji alimzuia asitoe ushahidi, kwa kuwa serikali ilimjua kwa maneno aliyolazimishwa mshtakiwa kuyasema katika kile kifungo cha siri. Tunda la kulazimisha halikuingia kortini. Watu 224 wamekufa, nchi nzima yatazama, na jaji aiambia serikali yake "hapana". Kama korti ile ingehukumu itakiwavyo, asubuhi ile isingekuwako.

Hapa ndipo lilipo neno kubwa kuliko yote, mzigo wa kuthibitisha. Aliyepita chuoni halioni geni: mwenye kudai ndiye atakiwaye bayana. Katika madai ya mali, mizani ikiinama japo kwa punje moja ya mchele, mdai ameshinda. Katika jinai haitoshi; lazima shaka yote ya maana iondoke, na juri yote iafikiane. Tarehe 17 Novemba 2010 juri ilimwona Ghailani hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280, yakiwamo ya mauaji, na kumtia hatiani kwa shtaka moja: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Shtaka hilo moja lilibeba kifungo kisichopungua miaka 20, na Januari 2011 jaji alimpa maisha.

Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba kila mshtakiwa huona juri. Katika korti hizo zaidi ya 9 katika kila 10 ya wanaotiwa hatiani hukiri kwa mapatano na mwendesha mashtaka, wengine kwa kuogopa kifungo kirefu zaidi.

Ghailani alikata rufaa. Korti ya rufaa haiiti mashahidi upya. Majaji watatu husoma jalada na kuuliza kama sheria ilifuatwa. Mwaka 2013 walikubaliana na korti ya chini. Ikabaki Mahakama ya Juu, ambako mtu haingii kwa haki bali kwa ombi, na wakubali majaji 4 kati ya 9. Mwaka 2014 ombi lake lilikataliwa.

Wanasiasa waliposikia "zaidi ya 280" walighadhibika. Januari 2011 ilitiwa saini sheria ya kuzuia fedha za ulinzi zisitumike kumpeleka mfungwa yeyote wa Guantánamo ndani ya Marekani. Ghailani akawa wa kwanza na wa pekee kutolewa huko akahukumiwe na korti ya shirikisho. Washtakiwa wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001 waliachwa kwa tume ya kijeshi. Walisomewa mashtaka Mei 2012, na miaka kumi baadaye kesi yao ilikuwa haijaanza kusikilizwa.