Mahakama Isiyo na Meno Haikimbiwi

Ukiitaja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao yake Arusha, jibu utakalopewa na wasomi na wasio wasomi ni moja: chombo hicho hakina meno. Majaji wanakaa, hukumu zinasomwa, na serikali zinaendelea na mambo yao kama kawaida. Imani hii si ya kweli, na ubaya wake ni kwamba inamzuia raia kuona alichopokonywa.

Tuanze na mambo yaliyotokea mchana kweupe. Itifaki iliyoanzisha Mahakama hiyo, iliyopitishwa mwaka 1998, inaruhusu mtu binafsi au asasi kuishtaki nchi moja kwa moja endapo tu nchi hiyo imetoa tamko la kukubali. Tanzania ilitoa tamko lake mwaka 2010. Rwanda ililiondoa la kwake mwaka 2016, Tanzania ikafuata Novemba 2019, kisha Benin na Côte d'Ivoire mwaka 2020. Nchi 4 ndani ya miaka 4, na Côte d'Ivoire ilichukua hatua hiyo ikiwa imetoka tu kupewa amri inayogusa wanasiasa wa upinzani. Serikali haijisumbui kuandika barua rasmi kwenda Umoja wa Afrika ili kujikinga na chombo kisichoweza kuigusa.

Watetezi wa imani hiyo hukimbilia shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, nami nalipenda shauri hilo kuliko wao. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Tanzania ilikubaliana naye kwamba Mtanzania ana haki ya kugombea bila chama. Wiki chache baadaye Bunge likabadili Katiba ili kuifuta haki hiyo. Akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi wake, ikisema suala hilo ni la Bunge. Bunge ni lile lile lililomfungia mlango! Nchini hapakuwa tena na jaji wa kumsikiliza. Arusha ilimsikiliza, na Juni 2013 ikaamua kwamba haki zake zilivunjwa. Mtikila alifariki mwaka 2015, na hadi leo mgombea binafsi hajaruhusiwa. Huo ndio unaoitwa ushahidi wa udhaifu wa Mahakama. Lakini aliyekataa kutekeleza ni nani? Mahakama haina polisi wala magereza. Utekelezaji ni wajibu ambao serikali zenyewe ziliahidi kwa saini zao. Mdaiwa akigoma kulipa, hatumlaumu hakimu.

Hoja ya uhuru wa nchi ina uzito zaidi, kwa sababu hakuna anayetaka kutawaliwa kutoka nje. Ila hapa hakuna mgeni: majaji 11 wa Mahakama hiyo ni Waafrika, waliochaguliwa na nchi za Umoja wa Afrika. Serikali yetu ilipojitoa ilidai tamko lilikuwa likitumika kinyume na masharti yake, likiwemo la mlalamikaji kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za nyumbani. Lakini Mahakama hiyo hiyo iliwahi kulitupa shauri la Mtanzania mwaka 2014 kwa sababu hakuwa amezimaliza ngazi hizo. Tena, wengi waliokwenda huko hawakuwa wanasiasa. Walikuwa wafungwa. Mmoja wao alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha bila kupewa wakili wa kumtetea, na Novemba 2015 Mahakama ikasema kesi yake haikuendeshwa kwa haki. Mfungwa wa namna hiyo anatishia uhuru wa taifa gani?

Aliyefungua shauri kabla ya Novemba 2020, kujitoa kwetu kulipoanza kutumika, bado ana haki ya kusikilizwa. Aliyeonewa baada ya hapo hana njia ya kwenda mwenyewe, hata kama nyumba yake inatazamana na lango la Mahakama hiyo. Jirani zetu wa Kenya na Uganda hawajawahi kuwa nayo: nchi zao ziliridhia Itifaki lakini hazikutoa tamko kamwe. Basi mgombea yeyote atakayekuja kutuomba kura aulizwe waziwazi kama atalirudisha tamko lile, na asiyetaka kujibu anyimwe kura.